Mtwara mpaka Mwanza kwa ndege ni kilomita ngapi na masaa mangapi?

mwana_mikindani:

Habari za saa hizi wadau, wakubwa shikamooni. Dada yangu yuko Mwanza kajifungua, mtoto wake wa kwanza, na bi mkubwa wetu hapa Mikindani kashasema lazima aende akamlee mzazi mpaka arobaini iishe. Sasa basi hawezi, miguu inamvimba akikaa sana, hata akienda Masasi tu kwenye msiba akirudi analalamika wiki nzima, kwaiyo mimi na kaka tumeamua tuchange apande ndege. Hajawahi kupanda na ataenda peke yake.

Kila siku ananiuliza, "hiyo ndege inakaa hewani masaa mangapi mwanangu?" na mimi jibu sina. Nimeingia kwenye zile tovuti za kupima umbali wa viwanja vya ndege, nikaweka MTW na MWZ ikaniletea kilomita elfu kumi na mbili na ushei, nikabaki nimeduwaa. Nikaandika kwa majina, Mtwara na Mwanza, ikaja kilomita 1,190 hivi na muda kama masaa mawili. Jamaa yangu mmoja anayesafiri safiri kaniambia hesabu masaa sita. Nishike lipi hapo? Alafu kama kuna mtu ashasafirisha mzazi wake peke yake kutoka huku kusini anieleze ilikuwaje, maana nataka nimuandae vizuri asipate wasiwasi.

fundi_tiketi:

Hongereni kwa mtoto. Tuanze na hizo herufi, MTW sio Mtwara mkuu. Kiwanja chetu ni MYW. MTW ni kiwanja cha Manitowoc, mji mdogo uko jimbo la Wisconsin Marekani, pembeni ya ziwa Michigan, kwaiyo tovuti ilikupa safari ya kutoka Marekani mpaka Mwanza na hapo iko sahihi kabisa, ni kilomita elfu kumi na mbili na zaidi. Viwanja vya ndege za abiria duniani vinapewa herufi tatu tatu na zikishachukuliwa zimechukuliwa. Dar ni DAR, Mwanza MWZ, Lindi ni LDI. Na muwe waangalifu na Pemba pia, ya kwetu ya visiwani ni PMA, ile ya Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma ni POL, nimeona mteja anatafuta moja anapewa bei ya nyingine.

Sasa yale masaa mawili. Hayo ni ya ndege ambayo haipo. Tovuti inachukua mstari ulionyooka kati ya viwanja viwili, inagawa kwa mwendo wa jeti, inaongeza kama nusu saa ya kupaa na kutua, basi imemaliza kazi. Haijui kama njia hiyo kuna ndege inaruka au hairuki. Safari ya Mtwara kwenda Mwanza inapita Dar, unashuka, unasubiri, unapanda nyingine. Huyo jamaa yako aliyesema masaa sita ndo kaongea lugha ya msafiri.

mwl_naliendele:

Naomba niweke hesabu yake hapa kwasababu wanangu wa Form Four wananiulizaga hii topiki ya dunia kama tufe inasaidia nini maishani, na hili swali ni lenyewe kabisa.

Kiwanja cha Mtwara kiko latitudo 10.34 kusini, longitudo 40.18 mashariki. Cha Dar kiko 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Tofauti ya latitudo ni nyuzi 3.46, na nyuzi moja ya kwenda kaskazini au kusini ni kama kilomita 111, kwaiyo 3.46 mara 111 unapata 384. Hiyo ndo umepanda kwenda kaskazini. Tofauti ya longitudo ni nyuzi 0.98, huku kwetu karibu na ikweta nyuzi moja ya longitudo inapungua kidogo tu inakuwa kama 110, unapata 108 kuelekea magharibi. Sasa umepata pembetatu yenye pembe mraba, fanya Pythagoras, 384 kwa kipeo cha pili jumlisha 108 kwa kipeo cha pili, tafuta kipeuo cha pili, inakuja 399. Kwaiyo Mtwara na Dar kwa mstari wa angani ni kilomita 400, wakati kwa barabara tunajua ni kama 560. Kilomita 160 zote zinaliwa na kona za barabara, maana barabara inazunguka ghuba na inatafuta pa kuvukia mito.

Dar mpaka Mwanza ukifanya hivyo hivyo inakuja kama 850. Jumlisha 400 na 850 ni 1,250. Na ukipima moja kwa moja Mtwara na Mwanza ni 1,190. Mnaona hapo? Kupitia Dar kunaongeza kilomita 60 tu. Watu wengi wanalalamika kwamba kuzungushwa Dar ni hasara, lakini kwa mtu anayekwenda Mwanza Dar haimpotezi njia hata kidogo, iko karibu na mstari wenyewe. Kinacholiwa ni muda wa kukaa chini kusubiri.

(Kwa umbali mfupi kama wa hapa Pythagoras inatosha, ila mkipima Dar na London msiitumie, huko mpaka muifuate duara yenyewe ya dunia.)

mwana_mikindani:

Mwalimu nashukuru sana, nimeikokotoa na mimi kwa simu nimepata hiyo hiyo. Sasa muda? Hizo kilomita 400 za mwanzo ni dakika ngapi hewani? Alafu baba mdogo wangu anasisitiza eti kuna njia ya mkato ya barabara, Mtwara Masasi Tunduru Songea, unatokea Makambako alafu Iringa Dodoma mpaka Mwanza bila kugusa Dar, anasema lami tupu sikuhizi. Yeye anaona ndege ni kutupa hela.

fundi_tiketi:

Inategemea ndege uliyopangiwa. Hizi zenye mapanga, ATR za Precision Air zinakwenda kama kilomita 500 kwa saa zikishatulia juu, Q400 za Air Tanzania zina mbio zaidi zinafika 600 na kitu, na Airbus A220 ambayo ni jeti inapita 800. Lakini kwa safari fupi kama ya Mtwara Dar tofauti haionekani sana, maana muda mwingi ndege iko inapanda au inashuka, haipati nafasi ya kukimbia. Kwenye tiketi utaona imeandikwa saa moja au saa moja na dakika tano kumi hivi. Na ule muda wa kwenye tiketi unaanza kuhesabiwa ndege inapotoka pale ilipoegeshwa mpaka inaposimama upande wa pili, sio hewani tu. Hewani kwenyewe bi mkubwa atakaa chini ya saa moja. Dar Mwanza kwa jeti ni kama saa moja na nusu, kwa hizi za mapanga inakaribia mbili.

Kwaiyo akikuuliza, mwambie mama, kwanza saa moja, alafu unapumzika Dar, alafu saa moja na nusu. Ataelewa.

dereva_wa_kusini:

Baba mdogo mheshimu ila hiyo sio njia ya mkato. Mtwara mpaka Songea peke yake ni kama kilomita 650, tayari umeshaipita Mtwara Dar. Ukitoka hapo Njombe, Makambako, Iringa, Dodoma, Singida, Shinyanga mpaka ufike Mwanza umevuka elfu mbili. Ya kupitia Dar ni kama 1,700, yaani 560 za Mtwara Dar na 1,150 hivi za Dar Mwanza. Lami ni kweli ipo, na ile ya Tunduru ni nzuri sana, misitu mitulivu, lakini kwa mama mwenye miguu inayovimba hata hiyo ya 1,700 mimi simshauri. Mtwara Dar unatoka saa kumi na mbili asubuhi unafika jioni, unashuka Mbagala, unatakiwa uvuke jiji mzima uende stendi ya Magufuli pale Mbezi, na ukipata gari kesho yake alfajiri, Mwanza unaingia usiku au usiku wa manane. Siku mbili kamili amekunja magoti.

Tunaoijua hii barabara ya zamani tunashukuru ilipofikia. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 mlikuwa mnafika Ndundu mnasubiri kivuko cha Rufiji, mto ukijaa mnalala hapo hapo, akina mama wanakaanga samaki pembeni, watoto wanalia mbu, na kesho yake hujui utavuka au huvuki. Daraja lenyewe ni mita 970, unalimaliza dakika moja sasa hivi. Hata lilipokwisha bado kile kipande cha Ndundu Somanga, kilomita 60 tu, kilikuwa kinatukalisha, mvua ikinyesha magari yanapangana kwenye tope mpaka mchele na dagaa mlivyobeba mnapika njiani. Mtu ambaye hajapita kipindi kile anaona watu wa kusini tunapenda sana kulalamika, lakini kuna wagonjwa waliishia kwenye foleni ile.

Na bado haijaisha, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyokuja na zile mvua barabara ilikatika upande wa Kilwa huko Somanga, mikoa miwili tukawa hatuna njia ya kwenda Dar ya lami. Kwaiyo kama ni kipindi cha masika, ndege ina sababu nyingine kabisa zaidi ya miguu ya mama.

LindiKwetu:

Dereva umesema kweli tupu. Naomba na sisi wa Lindi tuongelee letu kidogo maana linahusiana. Sisi kiwanja tunacho, Kikwetu, lakini ukitaka ndege ya abiria ya uhakika unashuka Mtwara. Kwaiyo mtu wa Lindi anayekwenda Dar, ambayo iko kaskazini, anaanza kwa kurudi kusini kilomita mia na kitu, masaa mawili kasoro kwa gari ndogo, alafu anapanda ndege inayopita tena juu ya kichwa cha nyumba yake. Kuna wakati nimekaa dirishani naiona Lindi ile pale chini, ghuba yake, Kitunda ng'ambo, na mimi ndo nimetoka huko asubuhi.

Nimewahi kuipigia hesabu. Lindi Mtwara tuseme masaa mawili, uwe kiwanjani saa moja na nusu kabla, ndege saa moja, kutoka pale Dar na mzigo nusu saa. Ni masaa matano. Basi la Lindi Dar ni saba mpaka nane barabara ikiwa nzima. Unaokoa masaa mawili au matatu kwa bei mara kadhaa ya basi. Mtu mzima mwenye afya yake mimi namwambia apande basi. Ila kwa Mwanza hesabu inageuka kabisa, siku mbili dhidi ya siku moja, hapo hata mimi nachanga.

dada_shangani:

Mdogo wangu mwana_mikindani, mimi mama yangu nimempeleka Mwanza kwa njia hiyo hiyo, yeye alienda Bugando kwenye matibabu, nikueleze yale ya muhimu kabisa ambayo hakuna tovuti itakwambia.

Kwanza kata tiketi MOJA. Mtwara Dar Mwanza iwe kwenye karatasi moja ya kampuni moja. Nakusisitizia hili kwa herufi kubwa kwasababu utaona mtandaoni ukichukua kampuni hii Mtwara Dar na kampuni ile Dar Mwanza bei inashuka kidogo na utatamani. Tiketi ikiwa moja, ndege ya Mtwara ikichelewa wao ndo wanajua watamfikishaje Mwanza, na begi lake muulize pale kaunta ya Mtwara kama linakwenda mpaka Mwanza moja kwa moja. Tiketi zikiwa mbili za kampuni mbili, ya kwanza ikichelewa ya pili inaondoka, na hiyo ya pili hawana habari na wewe, unakata nyingine. Kuna jirani yangu lilimkuta, kampuni siitaji, alikaa Dar usiku mzima kwenye kiti na mtoto mgongoni.

Pili, saa. Kwenye tiketi wanaandika saa za kizungu za masaa ishirini na nne. 07:00 ni saa moja asubuhi sio saa saba mchana. Mama yangu alisoma mwenyewe akajiandaa kwenda mchana, bahati nilipita usiku ule kumuaga. Wewe chukua kalamu muandikie kwenye karatasi kwa saa zetu, ndege inaondoka saa fulani, kiwanjani uwe saa fulani, umpe aiweke kwenye pochi na kitambulisho. Na jina la kwenye tiketi liwe lile lile la NIDA, herufi kwa herufi. Wazee wetu wana jina la nyumbani, jina la chuoni na jina la kwenye kadi, na wewe unaweza ukakata tiketi kwa jina ulilomzoea, kwenye kaunta ikawa kesi.

Tatu, wakati wa kukata omba kiti cha magurudumu. Usione aibu wala usiseme mama yangu sio mlemavu. Wanakupa mtu wa kumsukuma kutoka kwenye ndege mpaka kwenye ndege nyingine, na pale Dar ndo mahali mtu wa mara ya kwanza anapopotea, mabango mengi, watu wanakimbia, matangazo hayasikiki vizuri. Akiwa na mtu wa kumsukuma hana cha kutafuta. Mimi hili ndo lililonipa usingizi.

Nne, mzigo. Najua atabeba korosho, ming'oko (vile viazi vyetu vya porini), papa mkavu, na kisu chake cha kumenyea. Kisu kiende begi kubwa, kikiwa kwenye mkoba wa mkononi kinachukuliwa. Mafuta ya nazi nayo yaende begi kubwa, kifuniko ukifunge na nailoni. Papa mfunge magazeti, nailoni, alafu kwenye ndoo yenye mfuniko uubandike gundi, harufu ikitoka watakataa kumpokea. Kilo mara nyingi ni 23 ila soma tiketi yako usije ukapima nyumbani kwa mzani wa korosho alafu kaunta ikakwambia vingine.

mwana_mikindani:

Dada Mungu akubariki. La kiti cha magurudumu sikulijua na nilikuwa naogopa hapo hapo Dar. Je ile nafasi ya kusubiri Dar iwe masaa mangapi? Naona kuna chaguo la saa moja na dakika ishirini, kuna la kama masaa matatu kasoro robo, na kuna la kulala.

fundi_tiketi:

La saa moja na dakika ishirini liachie vijana wasio na mzigo. Ndege ya Mtwara ikichelewa dakika arobaini tu, jambo la kawaida hali ya hewa ikibadilika, mama ameshaanza kusukumwa mbio na moyo unamdunda. Masaa mawili na nusu mpaka matatu ndo sawa, anashuka, anaswali, anakula, ananyoosha miguu, anaingia tena taratibu. La kulala kama hamna ndugu Dar achana nalo, unaongeza gesti na teksi na mtu wa kumpokea.

Na chagua ndege ya mapema kutoka Mtwara kadri inavyowezekana. Ya asubuhi ikiharibika kuna mchana wa kurekebisha, ya jioni ikiharibika ni kesho. Ratiba zinabadilika msimu kwa msimu kwaiyo usichukue ya mtu aliyesafiri mwaka jana, angalia ya wiki yenyewe.

msafiri_wa_sgr:

Kuna njia ya katikati hamjaigusa, apande ndege mpaka Dar alafu treni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, mpaka Dodoma, toka 2024 inafanya kazi na kwa ile ya haraka unafika kwa masaa matatu na nusu hivi, vyoo visafi, anaweza kusimama na kutembea. Akifika Dodoma anachukua basi la Mwanza.

dereva_wa_kusini:

Ndugu yangu Dodoma Mwanza bado ni kama kilomita 700, masaa kumi ya basi. Hiyo reli mpya ikifika Mwanza hapo tutaongea. Kwa mama huyu bado.

ngosha_ilemela:

Karibuni Mwanza. Kiwanja kiko huku kwetu Ilemela, kama kilomita kumi kutoka mjini kati. Dada anakaa pande gani? Maana kama ni Nyegezi au Igoma inabidi avuke mji na jioni foleni ipo, weka saa moja. Mkumbushe huyo dada au shemeji amtume mtu anayejulikana kwa sura na mama, sio dereva tu wa kupigiwa simu.

Na baridi. Mtu wa pwani akishuka hapa jioni upepo wa ziwa unamshangaza, avae kitu cha mikono mirefu au khanga ya ziada mkononi, hata ndani ya ndege yenyewe kunakuwa na baridi.

Masikio pia. Ndege ikianza kushuka yanaziba, mpe pipi amung'unye, anameza mate yanafunguka. Mtu asipoambiwa anadhani kapatwa na maradhi huko huko juu.

kijana_wa_bandarini:

Samahani nachomeka swali langu, mwalimu yuko hapa ngoja nimtumie. Mimi shughuli zangu ni mizigo ya majahazi yanayokwenda Comoro. Siku zote nasikia wazee wanasema Ngazija ni karibu kuliko Dar. Ni kweli au ni maneno ya baharini?

mwl_naliendele:

Ni kweli na nimefurahi umeuliza. Kiwanja cha Moroni, mji mkuu wa Comoro ulioko Ngazija, kiko latitudo 11.53 kusini na longitudo 43.27 mashariki. Kutoka Mtwara umeshuka nyuzi 1.19 tu kusini, sawa na kilomita 132, na umekwenda mashariki nyuzi 3.09, sawa na 337 hivi. Fanya Pythagoras unapata kama 362. Dar ni 399. Kwaiyo Moroni iko karibu na Mtwara kuliko Dar kwa kilomita karibu 40. Na Pemba ya Msumbiji ni karibu zaidi, haifiki 300.

Sasa mtu wa hapa akitaka kwenda Moroni kwa ndege kupitia Dar anaruka 400 kwenda kaskazini alafu kama 680 kurudi kusini mashariki, jumla 1,080 badala ya 362. Hapo ndo kupitia Dar kunauma, sio kwa Mwanza. Mimi huwa nawaambia wanafunzi wachukue ramani waweke bikari kwenye Mtwara wachore duara la kilomita 400, waone nani yumo. Wanashangaa kuona Moroni iko ndani, Pemba ya Msumbiji iko ndani, Dar iko pale pale kwenye mstari. Tumezoea kujiita mwisho wa nchi, na bandari yetu ya kina kirefu tunayo, na kiwanja kimerefushwa mpaka mita 2,800. Kwa duara lile sisi tuko katikati, na hao majirani ndo wa kwanza kuunganishwa nao.

kijana_wa_bandarini:

Mwalimu hiyo naiprinti naibandika ofisini.

LindiKwetu:

Mwalimu hilo la duara litume na huku Lindi tafadhali, mimi nina mwanangu yuko Form Three.

mwana_mikindani:

Wadau tumeshakata leo mchana. Tiketi moja, kampuni moja, jina tumelinganisha na NIDA nikiwa nimeishika mkononi. Mtwara anaondoka 09:40 anafika Dar 10:45, alafu Dar 13:30 Mwanza 15:00. Kwaiyo kwa saa zetu anaruka saa tatu na dakika arobaini, Dar saa tano kasorobo, anaondoka saa saba na nusu, anatua saa tisa alasiri. Nimemuandikia kwenye karatasi na kiti cha magurudumu tumeomba wamesema kimewekwa kwenye tiketi.

Bi mkubwa nilipomwambia hewani ni masaa mawili na nusu tu yote kwa yote akanyamaza kidogo, akasema basi si sawa na kwenda Masasi. Sasa hivi wasiwasi umehamia kwenye ming'oko, anauliza kama huko juu itaharibika. Nimuombee kiti cha upande gani kwanza?

dada_shangani:

Ming'oko haiharibiki, aifunge mibichi dada ataichemsha mwenyewe. Kiti cha upande muombee njia, sio dirisha, ili asimame anyooshe miguu bila kumuomba mtu, na awe anazungusha vifundo vya miguu kila baada ya muda. Najua dirisha tamu, ukikaa kulia kutoka Mtwara unaiona bahari mpaka Mafia, ila miguu kwanza, labda kile kipande cha kwanza cha saa moja mpe dirisha la kulia akaone, cha pili mpe njia.

Toka kuruka mpaka kutua Mwanza ni masaa matano na dakika ishirini. Kutoka Mikindani mtoke saa moja asubuhi, muwe kiwanjani kabla ya saa mbili, na kwa dada atakuwa ameingia kama saa kumi na nusu. Mpigie yule shemeji leo, sio siku ya safari.

ngosha_ilemela:

Kama shemeji atakuwa kazini saa hizo niandikie inbox, mke wangu yuko nyumbani na hapa kiwanjani ni jirani.